Zile za Wau

Zaituni amezikwa juma lililopita, na mbao za kaburi lake zilikatwa kwa mashine huko Cibitoke. Nilizisikia kabla ya kuziona. Pikapu ilipitia nyumbani kwao Nyakabiga kuchukua majembe, mbao zikagongana nyuma, na sisi wanawake tuliokuwa chumbani, tumekwisha kumkafini, tukajua kwamba viunza vimefika, zile mbao zinazomfunika maiti kabla udongo haujashuka. Nilichungulia dirishani. Zilikuwa safi, zote sawa, kingo zimenyooka, hazina kasoro ya kumpa mtu neno. Machozi yakanitoka, na jirani aliyekuwa kando yangu akanishika bega, akaniambia nisubiri, sote ni wa Mungu. Alidhani namlilia Zaituni tu. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini zile mbao nazo nilikuwa nazililia, na hilo sikumweleza. Miaka thelathini na zaidi watu wananishika bega kwa sababu wasizozijua, nami nimezoea kunyamaza na kupokea.

Nilipotoka pale nilikwenda dukani kwangu nikafungua, ingawa haikuwa siku ya kufungua. Biashara yangu ni vifaa vya mkono vya zamani: randa za mbao, keekee za kupekechea, patasi, timazi, misumeno ambayo vipini vyake vimechongwa kwa subira ambayo siku hizi hakuna mtu aliye nayo. Anayevitaka si fundi. Fundi ana mashine, au anaota mashine. Anavitaka mtu ambaye hajapata kuranda ubao hata mmoja, ili avitundike sebuleni kwake Ulaya na wageni wake waulize. Najua kuvitambua kwa kunusa na kwa kupapasa, najua chuma cha asili na chuma cha kubandikwa, na watu wa mashirika wanaokuja na magari yao meupe huniambia kwamba nina jicho. Jicho hilo nililipata katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na namna nilivyolipata sijawahi kumwambia mtu. Mlango wa duka langu unashikiliwa wazi na randa moja kuukuu. Wateja huniuliza bei yake, nawajibu kwamba ni mbovu. Si mbovu.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwa Bwana Nasoro, ambaye ukoo wake ulitoka Omani zamani sana, hata yeye mwenyewe alikuwa hajui Omani ila kwa picha iliyotundikwa juu ya kiti chake. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, kenkayeri kama tunavyosema hapa, misumari na rangi na makufuli mbele, na nyuma chumba kimoja kisicho na dirisha ambacho wateja wa kawaida hawakukijua. Humo aliweka vifaa vya zamani. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, vumbi la mbao na ubani, kwa sababu Bwana Nasoro alikuwa mtu wa ibada na alifukiza kila asubuhi. Saa nne tulikunywa kahawa humo, yeye na mimi, na mara nyingine Mzungu mmoja mnene aliyekuwa anakusanya randa na kuzisafirisha kwao. Nilikuwa nakaa kwenye kreti la mbao, nasikiliza Kifaransa chao. Nilimsikia Mzungu akisema kwamba nchi hii ina hazina, kwamba mafundi waliofundishwa na wamisheni na wakoloni wanakufa mmoja mmoja, na wajane wao wanapikia vipini vya patasi. Bwana Nasoro akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha wakanitazama mimi wote wawili.

Sababu ya kunitazama niliielewa baadaye. Mafundi wazuri wa zamani walikuwa Waislamu wa mji, na fundi wa namna hiyo akifa, mkewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi, haendi sokoni, haendi kwa jirani kuuliza bei ya kitu, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haingii kumwona. Basi mjane anakaa ndani na sanduku la vifaa, hajui thamani yake, na hana pa kuuliza. Bwana Nasoro asingeweza kuingia. Mimi ningeweza. Nilikuwa msichana wa chuo cha Kurani, nimehitimu, najua kusalimia na kutoa pole, na karibu katika nyumba zote zile nilikuwa nimeshakula bugali. Alinifungia sukari kilo mbili, akaniambia nikatazame tu. Alikuwa ananiita fundi wa macho, mbele ya wageni, na kunivika vilemba vya ukoka vya kila rangi, nami shingo yangu ikawa inavingoja. Aliniahidi kwamba nikiendelea hivyo, ufunguo wa chumba cha nyuma utakuwa wangu, niwe mkubwa wa biashara ile. Msichana asiye na mume wala cheti cha sekondari, mkubwa wa kitu fulani mjini Bujumbura. Niliutaka ufunguo ule kuliko nilivyokuwa nataka kuolewa.

Na kulikuwa na sharti moja la kazi, alilonifundisha siku ya kwanza akiwa ameshika kipande cha msasa. Kila kifaa kina alama mbili. Moja ni ya kiwanda, imegongwa kwenye chuma au kuchapwa kwenye ubao, na Mzungu anailipia. Nyingine ni ya mwenyewe, kwa sababu mafundi wetu walikuwa wanapasha msumari moto na kuchoma herufi kwenye mbao, mtu asimchukulie mwenzake. "Alama ya kiwanda achana nayo," alisema. "Alama ya mutu, toa." Nilidhani ni kwa ajili ya uzuri. Ilikuwa ni ili watoto wa marehemu wakipita dukani wasitambue mali ya baba yao.

Fundi Waziri alikufa mwezi wa Mfungo Sita, na huyo alikuwa baba yake Zaituni, rafiki yangu wa kulala kitanda kimoja na kuvaliana viatu. Zaituni alikuwa anauza vitenge soko kuu tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilikuwa najua saa zake. Nilikwenda kwa mama yake saa tano, siku za kazi, na leo nikijiuliza kwa nini nilichagua saa hizo sina jibu ila lile moja. Mama Zaituni alikuwa anakaa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe zilizofuliwa mpaka zimefubaa, mikono haina hina, kichwa hakina mafuta. Juu ya meza palikuwa na saa ya fundi imesimama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaitia ufunguo na mkewe hakutaka kuigusa. Alifurahi kuniona kiasi cha kunitia aibu. Aliniletea ndagala, dagaa wa ziwani, waliopikwa kwa nyanya na pilipili, na bugali wa muhogo, akakaa kunitazama ninavyokula, akaniuliza habari za barabarani kama mtu aliye safarini anavyouliza habari za kwao: nani amezaa, duka gani limefungwa, mvua imefika Buterere au bado. Watu wa Buterere walikuwa wamehama tena kwa sababu ya maji. Akasema masikini, akaniongezea ndagala.

Siku ya tatu nilimwomba anionyeshe vifaa vya Mzee. Alivivuta kutoka uvunguni. Vingine vilikuwa ndani ya gunia, na hivyo alikubali kuniuzia bila shida, ni vyuma tu, alisema. Lakini kulikuwa na sanduku la pekee, limefunikwa kwa kipande cha sanda, na ndani yake randa tatu, msumeno, mraba na patasi mbili. Sijapata kuona vifaa vilivyotunzwa namna ile. Randa mbili zilikuwa za kiwanda cha Ulaya ambacho Mzungu alikuwa anakitaja kwa sauti ya kuombea, na kila kifaa kilikuwa kimechomwa herufi ya Kiarabu, wau, kubwa, nzuri, mkia wake umepinda vizuri. Mimi niliyehitimu niliisoma mara moja. Wau, Waziri. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mama Zaituni akafunika.

"Zile za wau ziache, mutoto wangu," alisema. "Ziko na mwenyewe."

Nami, kwa ulimi wangu mwepesi, nikamjibu, "Mwenyewe amekwisha kwenda, Mama."

Alilisogeza sanduku karibu na goti lake. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimetamka kufuru. Nilidhani nimemuumiza kwa kumkumbusha kifo cha mumewe, nikageuza maneno haraka, nikasema kwamba nilichotaka ni kuzisafisha, kutu imeanza kuingia, na akizikuta zimeliwa siku atakayotoka eda atajilaumu. Nizichukue, nizipake mafuta, nizirudishe. Neno kutu lilimtisha. Akaniuliza ni siku ngapi. Nikamwambia juma moja. Akazifunga mwenyewe kwa ile sanda, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kuiondoa wau kulinichukua siku mbili. Fundi Waziri alikuwa ameichoma kwa kina, kama mtu aliyetarajia kwamba atakuja mtu kama mimi. Nilisugua kwa msasa mkavu mpaka vidole vikatoka malengelenge, vumbi jekundu likanijaa puani, na kila nilipodhani imekwisha, nilipolowesha ubao ule mkia ulikuwa unarudi. Mwishoni palibaki kishimo tu, unaweza kukisikia kwa kidole lakini huwezi kukisoma. Bwana Nasoro alikuja akapapasa, akaniambia kazi safi. Mzungu alizichukua zote isipokuwa randa moja, ambayo chuma chake cha asili kilikuwa kimekwisha na Fundi Waziri alikuwa ameifulia kingine kutokana na springi ya lori. Kwa Mzungu hiyo ilikuwa imeharibika. Ndiyo iliyokuwa inaranda vizuri kuliko zote.

Juma likawa majuma. Kila nilipokwenda, na niliendelea kwenda kwa sababu kuacha kungeonekana, Mama Zaituni alikuwa ananiuliza habari za zile za wau, kwa upole, nami nikimdanganya kwamba mafuta bado hayajakauka, kwamba kipini kimoja kinatengenezwa. Nilikula chakula chake huku nasema hayo. Halafu siku moja nilimkuta amesimama, jambo ambalo si kawaida yake, ameshika pazia la mlango.

"Watu wa muskiti wamekuja kuzitaka," alisema. "Kuna mutoto amekufa kwa jirani. Mi nikawaambia zinasafishwa, jina lako sikulitaja. Izo si zetu, Mwajuma. Ni za wakfu. Babaake Zaituni alizitoa kwa Mungu, zikate viunza vya watu wote, masikini na tajiri. Ndio maana ya wau."

Wau, wakfu. Herufi ile ile. Mtoto wa chuo wa miaka minane angeweza kuisoma. Nilitoka mbio mpaka mjini, nikamkuta Bwana Nasoro anatia udhu, nikamweleza yote nikiwa nalia, kwamba ni mali ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi, tumwandikie Mzungu azirudishe. Alimaliza kuosha miguu yote miwili kabla ya kunijibu. Aliniuliza kama wakfu huo una karatasi. Nikasema una alama.

"Alama iko wapi?" aliuliza.

Hakucheka, hakupandisha sauti. Alikuwa anauliza kweli. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akanitolea ile randa iliyokataliwa, na juu yake akaweka ufunguo. Akaniambia nichague kama nataka kuwa mtu wa kulia au mtu wa kazi, akaenda kusali. Nimewaza sana kuhusu dakika zile. Ningeweza kuichukua randa na kuuacha ufunguo. Ningeweza kwenda na randa ile moja kwa Mama Zaituni, nimpigie magoti. Angalau moja ingerudi, na ndiyo iliyokuwa bora. Nilivichukua vyote viwili, na randa nikaificha kwetu chini ya kitanda. Mwenye njaa hana miiko, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeshiba, tena kwa ndagala wa yule mama.

Mama Zaituni alitoka eda, na kabla mwezi haujaisha akafa. Wengine walisema ni moyo, wengine malaria. Nilikwenda kumwosha, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nje wanaume walikuwa wanahangaika kutafuta msumeno na randa, kila mmoja anauliza zile za Fundi Waziri ziko wapi, mpaka pikapu ya Bwana Nasoro ikafika imebeba mbao za makreti ya dukani kwake. Ndizo zilizomfunika. Zilikuwa na matundu ya misumari na maandishi meusi ya bandari, na moja ilikuwa fupi, wakaiunga. Shehe alimshukuru Bwana Nasoro hadharani, akamwombea dua ndefu, na uwanja mzima ukaitikia amina. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, mkono kifuani. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo haijapoa, na alishakufa zamani.

Wanawake walipotawanyika Zaituni alinivuta nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa makavu. Nilimngoja anipige, na ningeshukuru.

"Mwajuma, we umesoma chuo kunipita," aliniambia. "Mama aliniambia ulizichukua. Ile wau ulisoma nini?"

Nikamjibu kwamba nilidhani ni jina la Mzee. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uwongo pia, maana mama yake alikuwa ameniambia niziache na nilikuwa nimesikia. Zaituni akarudi ndani. Hakuniuliza tena siku ile wala siku nyingine yoyote. Tangu hapo tulikuwa tunapeana salamu za arusi na za msiba, habari gani, nzuri, watoto hawajambo, kwa miaka yote hiyo, katika mji mdogo kama huu. Majuto ni mjukuu, watu husema. Wangu ameshaota ndevu.

Jana ilikuwa hitima ya Zaituni. Niliiondoa randa mlangoni, nikaifunga kwa kitenge, nikaenda nayo Nyakabiga. Mlangoni alikuwa amesimama Ramadhani, mwanawe Zaituni, ambaye ndiye anayeshughulikia mazishi msikitini kwao. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno. Nilikuwa nimeamua kusema yote, jina la Nasoro, msasa, ndagala, yote. Nilipomkabidhi yalinitoka maneno ya bibi yake badala ya yangu.

"Hii ina mwenyewe," nilisema.

Aliifungua, akapitisha kidole kwenye kile kishimo bila kukijua, akanitazama kwa heshima. Aliniuliza kama ni wakfu. Nikasema ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Babu alikuwaka na za namna hii," alisema. "Mama alitusimuliaka. Ziliibwa."

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimuuliza ni nani aliyeziiba.

"Alikatala kutuambia jina. Alisema ni mutu wa nyumba, na Mungu amemusitiri, na yeye hawezi kumufunua." Akaigeuza randa. "Tukuandike jina lako hapa, Mama?"

Nilimwambia atie wau tu. Akasema ataichoma mwenyewe, kwa msumari, palepale penye kishimo, patafaa. Niliingia ndani nikakaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Walipomaliza kusoma, kipaza sauti kikalia nje, nikasikia sauti ya Ramadhani akiwatangazia watu kwamba Mama Mwajuma ametoa wakfu chombo cha kurandia viunza, na kwamba amekataa jina lake liandikwe, kwa unyenyekevu. Akaomba tumwombee Mungu amlipe, na atujalie wote tuwe kama yeye. Mwanamke wa kando yangu akanishika bega. Chumba kizima kikaitikia amina, nami nikaitikia pamoja nao.